Sumaku kichwani ili mtu aache waragi: ni tiba, au ni biashara ya mawakala?

#1. Kaka wa Steji, Bombo

Salaam kwenu nyote. Ukoo wetu una kijana, mtoto wa baba mdogo, ambaye amelazwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya waragi, pombe kali ya huku Uganda, na kila anapotoka hospitalini hutulia kwa muda kisha huirudia chupa. Sasa amejitokeza wakala mmoja wa Kampala anayesafirisha wagonjwa kwenda India. Anadai kwamba huko kuna mashine ya sumaku inayowekwa juu ya kichwa, bila kisu wala sindano, na kwamba mashine hiyo imeidhinishwa rasmi nchini Marekani kutibu ulevi wa pombe. Bei aliyotutajia ni ya dola, na ukiigeuza kuwa shilingi inakaribia thamani ya kiwanja tulichoachiwa na babu. Wazee wamegawanyika. Naomba wenye ujuzi watueleze sumaku inawezaje kumwondolea mtu kiu ya pombe, na kama madai ya wakala huyu yana ukweli.

#2. Muuguzi wa Mbale

Pole sana, ndugu. Nianze na hilo la idhini, kwa sababu ndilo mnalouziwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiruhusu tiba hii, ambayo wataalamu huiandika kwa kifupi TMS, kwa ajili ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mwaka 2008. Mwaka 2018 ikaruhusiwa kwa ugonjwa wa fikra zinazomshika mtu na kumlazimisha kurudiarudia vitendo, na mwaka 2020 kwa kuwasaidia watu wazima kuacha sigara. Pombe haimo. Wakala amechukua sigara akaiandika pombe, na tofauti hiyo kwenu ni thamani ya kiwanja. Hata hivyo, sisemi kwamba haijajaribiwa kwa walevi. Imejaribiwa, na matokeo yanavutana.

#3. Fundi Koili, Jinja

Mimi si daktari, ni fundi wa kusuka mota, lakini swali la "sumaku inawezaje" liko karibu na kazi yangu. Ndani ya kifaa kile kinachowekwa kichwani kuna waya wa shaba uliosukwa, yaani koili, mara nyingi kwa umbo la tarakimu nane. Mkondo mkubwa wa umeme hupitishwa humo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde kisha hukatwa, na uga wa sumaku unaopanda na kushuka ghafla namna hiyo huzalisha mkondo mwingine mdogo ndani ya kitu chochote kinachopitisha umeme kilicho karibu, ubongo ukiwa mmojawapo. Hiyo ni kanuni ya Faraday ya mwaka 1831, ile ile inayofanya transfoma ifanye kazi. Aliyeitumia kwa mara ya kwanza namna hii juu ya ubongo wa mtu ni Anthony Barker na wenzake, mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1985.

Nguvu ya sumaku hiyo hufikia tesla 1.5 hadi 2, lakini kwa kitambo kifupi mno na kwa kina cha sentimita chache tu. Jambo la kuzingatia ni kwamba sumaku iliyotulia haizalishi mkondo wowote. Kwa hiyo zile bangili za sumaku zinazouzwa kwenye paki ya teksi, pamoja na kofia ya "tiba ya sumaku" niliyoletewa kuifungua wiki iliyopita, ambayo ndani yake nilikuta vipande viwili vya sumaku ya spika, hazina uhusiano wowote na mashine hii.

#4. Afande Mstaafu

Vijana, mimi nina umri wa kukumbuka mambo. Zamani mgonjwa wa akili alikuwa akishikwa, anatiwa umeme kichwani, anatetemeka mwili mzima, na akiamka hajui jina la mama yake. Leo mnatuletea jambo lile lile likiwa limevaa suti na kuitwa sumaku. Dada muuguzi atueleze tofauti, maana mimi siioni.

#5. Muuguzi wa Mbale

Mzee, swali lako ni la haki. Ile unayoikumbuka hulenga kuuletea ubongo degedege kwa makusudi, na siku hizi hufanywa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa na misuli yake ikiwa imelegezwa. Hii ya sumaku hulenga kinyume chake, kwamba degedege isitokee kabisa. Mgonjwa hukaa kwenye kiti akiwa macho, amezibwa masikio kwa sababu mashine hutoa mlio mkali wa kugonga, na baadaye huinuka akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Kilichonivutia nilipoonyeshwa namna inavyopimwa, katika mafunzo nje ya nchi, ni kidole gumba. Kabla ya tiba yenyewe, daktari huihamisha koili polepole juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono, huku akipandisha nguvu kidogo kidogo, mpaka dole gumba la mkono wa upande wa pili liruke lenyewe juu ya paja la mgonjwa. Nguvu ile ndogo kabisa inayolifanya liruke ndiyo kipimo cha mtu huyo, na kila mtu ana chake. Kituo kinachokuambia kwamba wagonjwa wote hupewa nguvu moja bila kupimwa, mkikimbie.

Maumivu ya kichwa na ya ngozi ya kichwa ni ya kawaida. Degedege ni nadra, lakini hutokea. Aliye na chuma ndani ya kichwa au kifaa cha kusaidia kusikia kilichopandikizwa hafai kuwekewa, na mwenye kifafa ni wa kupimwa kwa uangalifu mkubwa au kuachwa.

#6. Mwalimu wa Kitgum

Ahsante, dada. Naomba tusilipite hilo la kifafa kwa haraka. Huku kwetu kaskazini, Kitgum na Pader, tumeishi na ugonjwa wa watoto kutikisa kichwa, unaoandamana na kifafa, na kuna vijana waliokua nao ambao leo ni watu wazima, na baadhi yao wanakunywa. Wakala wa Kampala atamuuliza nani historia hiyo? Ninavyoelewa, hata mlevi asiye na kifafa anaweza kupata degedege anapoacha pombe ghafla.

#7. Muuguzi wa Mbale

Mwalimu amegusa penyewe. Degedege ya kuacha pombe huja mara nyingi kati ya saa 6 na saa 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na ndiyo maana tunampa mgonjwa diazepamu na vitamini B1, tukimwangalia usiku na mchana. Kumtoa mtu kwenye ndege akiwa katika hali hiyo na kumweka chini ya koili ni hatari. Ongezeni hapo vijana wanaochanganya pombe na tramadoli, dawa ambayo nayo huushusha uwezo wa ubongo wa kujikinga na degedege. Kwanza mwili usafishwe na utulie, ndipo sumaku izungumzwe.

#8. Msomi wa Wandegeya

Nimesoma mada hii kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada, kwa hiyo niruhusuni niandike kwa urefu.

Maelezo yanayotolewa zaidi ni haya. Sehemu ya mbele ya ubongo, juu ya paji la uso na kando kidogo, ndiyo inayomzuia mtu asitende kila anachokitamani, na kwa mraibu wa muda mrefu sehemu hiyo hufanya kazi kwa udhaifu, mithili ya breki za bodaboda zilizokwisha kwenye mteremko. Mapigo ya haraka ya sumaku, kwa mfano 10 kwa sekunde, huaminiwa kuziamsha seli za hapo, ilhali mapigo ya polepole, kama 1 kwa sekunde, huzituliza. Rudia kila siku kwa wiki kadhaa, na mazoea ya seli hizo hubadilika.

Maelezo ya pili hayaanzii kwenye breki, yanaanzia kwenye tamaa yenyewe. Mwaka 2007 Naqvi, Bechara na wenzao walichapisha uchunguzi wa wavutaji sigara waliopata majeraha ya ubongo. Miongoni mwa 19 waliojeruhiwa sehemu iitwayo insula, iliyofichika ndani kando ya ubongo, 12 waliacha sigara kwa urahisi, mara tu, bila kurudia na bila kusumbuliwa na hamu. Mmoja wao alieleza kwamba mwili wake ulikuwa umesahau hamu ya kuvuta. Kuanzia hapo watu wakajiuliza kama insula inaweza kufikiwa bila jeraha, na koili ya kina iliyoidhinishwa kwa sigara mwaka 2020 ilitengenezwa kwa lengo la kuifikia insula pamoja na sehemu ya mbele.

Jaribio la koili hiyo kwa sigara lilikuwa na watu 262 katika vituo 14. Waliopata mashine halisi, asilimia 19.4 waliacha sigara, na waliowekewa mashine bandia, asilimia 8.7.

#9. Huru na Chupa, Entebbe

Msomi, mimi ni mtu niliyekunywa mpaka nikapoteza kazi na nikaacha, kwa hiyo namba hizo nazisoma kwa jicho langu. Kwa hesabu hiyo, zaidi ya watu 80 katika kila 100 hawakuacha hata baada ya kukaa chini ya mashine ya gharama. Wakala amemwambia huyo ndugu wa Bombo habari hiyo?

#10. Muuguzi wa Mbale

Huru ana haki ya kuuliza, na naongeza marekebisho kwa #8. Asilimia ile si ya watu walioacha moja kwa moja. Ni ya waliokaa wiki 4 mfululizo bila kuvuta ndani ya kipindi cha wiki 18. Hata hivyo tusiidharau, kwa sababu wote walikuwa wamejaribu kuacha na kushindwa, na katika kazi hii ya uraibu kuongeza mara mbili idadi ya wanaofaulu si jambo dogo.

#11. Msomi wa Wandegeya

Marekebisho yamepokelewa. Kuna jambo jingine katika jaribio lile ambalo wauzaji hawalitaji. Kabla ya kila kikao wagonjwa walichokozwa hamu kwa makusudi, wakiwaza na kuonyeshwa mambo ya sigara, ndipo mashine ikawashwa, na baada ya kikao walipewa mazungumzo mafupi ya kuwatia moyo. Wapo wanaosema kwamba siri iko hapo, kwamba kumbukumbu ya hamu ikiamshwa huwa laini kwa muda na inaweza kuvurugwa. Wengine wanaona uchokozi huo hauna nafasi kubwa.

Kuhusu pombe, mambo ni haya. Jaribio la Sweden lililochapishwa mwaka 2020 liliwaweka walevi 56 chini ya koili iliyolenga insula. Makundi yote mawili, la mashine halisi na la mashine bandia, yalipunguza kunywa, na hapakuwa na tofauti kati yao. Jaribio jingine, la mwaka 2022, lililenga sehemu ya katikati ya mbele ya ubongo kwa watu 51, na humo siku za kunywa sana zilikuwa asilimia 2.9 kwa waliopata tiba halisi dhidi ya 10.6 kwa wengine. Kwa kokeini, Waitaliano walitangaza matokeo mazuri mwaka 2016 kwa wagonjwa 32 ambao walijua wanapewa nini. Baadaye, huko huko Italia, likafanywa jaribio lenye koili bandia, na tofauti haikuonekana.

#12. Afande Mstaafu

Yaani kule Sweden hata waliowekewa mashine ya uongo walipunguza pombe? Basi mniuzie mimi ile ya uongo, itakuwa nafuu.

#13. Huru na Chupa, Entebbe

Afande amefanya mzaha, lakini mimi nauchukulia kwa uzito wote. Mlevi anayeacha husumbuliwa na jioni. Kuanzia saa kumi na moja mwili unajua njia ya kwenda kwenye malwa, na miguu inatangulia kabla ya akili. Mtu akipewa mahali pa kwenda kila siku, akakuta anayemjua kwa jina, anayemuuliza jana ilikuwaje na kuandika jibu lake, tayari amepata nusu ya tiba. Mimi nilipata mahali hapo kwenye kikundi kinachokutana katika ukumbi wa kanisa, na hapakuwa na koili. Ninaamini kinachowaponya watu hao ni kuhudhuria.

#14. Muuguzi wa Mbale

Naheshimu ushuhuda wako, kaka, ila hauwezi kueleza kila kitu. Katika jaribio la sigara makundi yote mawili yalihudhuria sawasawa, yakachokozwa hamu sawasawa na kuzungumziwa sawasawa, na bado moja lilizidi jingine. Kuhudhuria peke yake hakuelezi pengo hilo.

#15. Mama wa Busia

Shikamooni wakubwa, na salaam kwa wengine. Mimi naona nyote mmeliacha jambo moja. Mume wangu alianza kunywa baada ya kumzika mdogo wake, si kabla. Alipotibiwa huzuni, kwa dawa na kwa mazungumzo, pombe ilipungua bila mtu kuigusa. Dada muuguzi amesema mwanzoni kwamba mashine hii iliruhusiwa kwa sonona kabla ya kitu kingine chochote. Je, haiwezekani kwamba inatibu sonona tu, na pombe inafuata nyuma yake?

#16. Msomi wa Wandegeya

Mama, swali lako watafiti nao wanalo. Sehemu ya ubongo inayolengwa kwa sonona, ile ya mbele kushoto, ni ile ile iliyotumiwa kwa wagonjwa wengi wa kokeini na pombe, kwa hiyo ni vigumu kutenganisha. Kinachopinga maelezo yako kidogo ni kwamba majaribio mengi huwaacha nje watu wenye sonona kali, na bado baadhi yake huonyesha faida.

#17. Mtazamaji wa Pwani, Tanga

Habari za huko, majirani. Huku kwetu tulianza methadoni Muhimbili mwaka 2011 kwa watumiaji wa unga, na nimeona watu waliokuwa wakilala barazani wakirudi kwao na kuoa. Kwa nini mnahangaika na sumaku za India badala ya kumpa kijana methadoni?

#18. Muuguzi wa Mbale

Ndugu wa Tanga, methadoni tunayo pia, katika hospitali ya akili ya Butabika, tangu mwaka 2020, pamoja na buprenofini. Lakini hizo ni za heroini na jamaa zake, na hazifanyi kazi hiyo kwa pombe. Kwa waragi kuna naltreksoni, akamprosati na disulfiramu. Swali ambalo ningependa Kaka wa Steji alijibu ni hili: kijana huyo amewahi kupewa hata moja kati ya hizo kwa miezi kadhaa, huku akifuatiliwa? Wengi wanaoletwa kwangu wamesafishwa mwili tu, wakarudishwa nyumbani.

#19. Kaka wa Steji, Bombo

Hapana, hajawahi. Alisafishwa, akapewa vitamini, akarudishwa. Nyumbani amewekwa chumba kinachotazama kibanda kinachouza waragi. Zile pakiti ndogo zilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini sasa ni chupa ndogo za plastiki, na mwenye kibanda ni shangazi yetu.

#20. Afande Mstaafu

Basi mhamishe kibanda cha shangazi kabla ya kuuza kiwanja cha babu. Nauli yake ni ndogo kuliko ya India.

#21. Fundi Koili, Jinja

Wakati tunacheka, naomba nitoe tahadhari. Tangu uzi huu uanze, watu wawili wameniandikia faraghani wakitaka niwatengenezee ile aina nyingine, ya umeme mdogo wa betri, kwa kuwa wameona mtandaoni kwamba ni waya mbili na sponji. Ni kweli kwamba ipo. Mkondo wake ni miliampia 1 au 2, hupitishwa kwa dakika kama 20 kupitia sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi, na haufanyi seli za ubongo zitoe ishara, huzisogeza tu karibu au mbali na kuitoa. Ni nafuu kuliko koili kwa mbali sana, na ndiyo maana inazungumzwa kwa nchi kama zetu.

Hata hivyo, betri ya volti 9 bila saketi ya kudhibiti mkondo ni jambo la kipumbavu. Sponji inapokauka, umeme hukusanyika kwenye sehemu ndogo iliyobaki na unyevu, na ngozi huungua hapo. Kibaya zaidi, mwenye kujitengenezea hajui ameweka upande upi, na ukigeuza chanya na hasi unaweza kuwa unakituliza kile ulichotaka kukiamsha. Sitaitengeneza kwa bei yoyote.

#22. Afande Mstaafu

Fundi, umenikumbusha kambare wa umeme wa Nile. Ukimshika kwa mkono wenye maji unauacha mtumbwi mwenyewe. Kuna mtu amewahi kumjaribu kwa walevi?

#23. Msomi wa Wandegeya

Kwa walevi sijakuta, Afande. Lakini Scribonius Largus, tabibu wa Roma ya kale katika karne ya kwanza, aliandika kwamba mwenye maumivu ya kichwa awekewe samaki wa umeme wa baharini, akiwa hai, mahali panapouma. Kwa hiyo wazo lako lina umri wa karibu miaka 2000.

#24. Mama wa Busia

Samahani kwa swali dogo. Ikiwa mtu amesuka nywele, tena rasta nene, mashine hiyo inapita vipi? Mdogo wangu anavuta sigara na anafikiria kujaribu akienda kwa mumewe ng'ambo.

#25. Muuguzi wa Mbale

Si swali dogo, mama. Klipu na pete za chuma lazima zitolewe zote. Rasta nene huinua koili, na nguvu ya sumaku hupungua haraka kadiri inavyokuwa mbali na fuvu, kwa hiyo tiba inaweza kuwa hafifu bila mtu kujua. Kwa ile ya sponji ni vigumu zaidi, kwa maana inataka kugusa ngozi. Afumue kabla ya kupimwa, na abaki na mtindo ule ule mpaka vikao viishe, ili kipimo cha siku ya kwanza kisiharibike.

#26. Huru na Chupa, Entebbe

Narudi kwa #14, kwa sababu dada hajanishawishi. Sigara si waragi. Hakuna anayefukuzwa na mkewe kwa sababu ya sigara, na hakuna anayeachiwa kibanda cha shangazi mbele ya dirisha. Katika lile la Sweden, ambalo ndilo la pombe, waliohudhuria tu walifanana na waliopigwa sumaku.

#27. Msomi wa Wandegeya

Kaka, na lile la mwaka 2022 pia ni la pombe, na humo hawakufanana. Tofauti ni kwamba la Sweden lililenga insula na hili lililenga katikati ya mbele ya ubongo. Kwa hiyo inawezekana wewe ni sahihi kuhusu mahudhurio, na inawezekana pia Wasweden walilenga mahali pasipofaa kwa pombe. Ningetamani kuona sehemu zote mbili zikijaribiwa katika hospitali moja, na kundi la tatu likija kila jioni kwa mazungumzo tu bila kiti wala koili.

#28. Huru na Chupa, Entebbe

Hilo kundi la tatu niandikeni. Ila liwekwe saa kumi na moja jioni, si asubuhi wakati mnapopenda kufanya tafiti zenu.